Kasuku Anayeita kwa Sauti Yako

Kaka Wiratmo,

Huku Blora mvua zimeanza na mpunga umeshika vizuri. Mama mguu umepona.

Ila kasuku wako! Tangu tusikie meli yenu imepotea, kila jioni anaita kwa sauti yako: "Mama, nimerudi, fungua!" Mama hukimbilia mlango.

Jana nilimpeleka msituni nikamwachia. Kasuku wa mwituni walimdonoa mpaka akanirukia begani, anatetemeka. Nikarudi naye.

"Wee Wuryani, unamfukuza mwanangu?" Mama alinifokea. Leo amempakulia wali kwenye sahani yako: "Kula, baba, umekonda." Yeye mwenyewe hali kitu.

Kaka, kama uko hai popote, andika hata neno moja. Usipojibu, nami nitaanza kumwitikia huyu kasuku.

Mdogo wako anayekulilia,
Wuryani