Lori la Jeshi Lisilo na Klachi

S.L.P. 1147,
Suame Magazine,
Kumasi.
8 Novemba 2009

Mpendwa Mjomba Opoku,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa Mama hadi kwa huyu mpwa wako mwenye mikono ya grisi. Huko Winnipeg baridi imeshaanza? Na goti lako, linakuruhusu kupanda ngazi? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi, ila sokoni haachi kwenda.

Mjomba, katika barua yako ulisema lile lori la Baba, Bedford, tuwauzie wakata vyuma chakavu. Usinikasirikie. Hatukuliuza.

Unajua Baba aliliendesha jeshini miaka kumi na minane, na alipostaafu akalinunua mnadani, akawa analeta viazi vikuu kutoka Ejura. Tangu apate kiharusi, mguu wa kushoto hauna nguvu ya kukanyaga klachi. Injini nayo ikafa mwaka huohuo. Basi kila asubuhi alikuwa akipanda ndani ya lori lililokufa, anashika usukani. Mimi ni fundi, Mjomba. Nilishindwa kulitazama jambo hilo.

Nikapata basi la mjini lililopondwa ubavuni. Injini yake ya dizeli ilikuwa nzima, na giaboksi yake ni otomatiki. Nikaamua zote mbili zitaingia kwenye lori.

Baba ndiye aliyepinga kwanza. "Giya zikijibadili zenyewe, mimi nitakuwa dereva au abiria?"

Agyekum wa gereji ya jirani naye hakunyamaza. "Dada Pokuaa, lori la jeshi unaligeuza gari la bibi harusi?"

"Siku ya harusi utalisukuma wewe," nikamjibu.

Kazi ilikula miezi minne. Injini ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, nikasogeza rejeta mbele na kuchomelea vikalio vipya vya injini kwenye fremu. Shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma ikabidi ifupishwe. Mara ya kwanza niliikata vibaya, lori likatetemeka hadi kioo cha mlango kikaanguka. Nikaikata upya. Halafu mafuta ya giaboksi yakachemka, nikatafuta kipozeo cha trekta nikakifunga mbele. Siku ile nilikaa chini nikalia, sikufichi. Mama akaniwekea bakuli la fufu, akasema, "Kula, kisha urudi chini ya lori."

Jumamosi mbili zilizopita tukapakia mifuko mia ya saruji ya mteja wa Mampong. Baba akashika usukani, mimi pembeni yake. Katikati ya mlima wa kuingia Mampong gari lililotutangulia likazimika, nasi tukasimama na mzigo wote ule. Mahali pale, Mjomba, hata dereva mwenye miguu miwili mizima huomba Mungu.

Baba akatoa mguu wa kulia kwenye breki, akakanyaga mafuta. Lori halikurudi nyuma hata inchi moja. Likalipita lile gari likapanda, na giya ilipojibadili Baba akaangua kicheko.

"Pokuaa, imeniomba ruhusa kwanza! Nimeisikia!"

Jumatatu iliyofuata alikwenda Ejura peke yake, alikataa hata nimsindikize. Jioni akaingia Suame na mzigo wa viazi vikuu, akipiga honi mtaa mzima. Mafundi wakatoka kwenye gereji zao. Mjomba, sijawahi kuona mtu akishuka kwenye lori polepole namna ile, na haukuwa mguu uliomchelewesha. Alitaka wote wamwone.

Nisalimie wa huko kwako, Mama Dufie, na Yeboah na mkewe. Mama anasema umpigie simu Jumapili baada ya ibada. Mungu akulinde katika baridi hiyo, akurudishe kwetu ukiwa mzima. Uwanja wa ndege Baba atakuja kukupokea mwenyewe.

Ni mimi mpwa wako akupendaye sana,
Adwoa Pokuaa