Sauti ya Marehemu Mke Wangu Yanitaka Nishuke Botini

Mpendwa mshauri Bi Roosmarijn, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo mwisho wa maonyesho ya taa na sijui niende au nisiende, nina miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu, naishi hapa hapa Amsterdam na Hedwig, mwanamke mwema ambaye tangu Desemba namdanganya kwamba nakwenda mazoezi ya kwaya kumbe nakwenda kupanda boti ya kutembeza watu mferejini kutazama hizo taa. Mke wangu Aaltje alifariki miaka mitatu iliyopita, kazi yake ilikuwa kusoma matangazo, na ndiye aliyerekodi yale maelezo abiria wanayosikiliza kwa hedifoni, tazama kulia, tazama kushoto, taa hii kaitengeneza fulani, basi nilipopanda nikaikuta sauti yake, nikakaa nyuma kabisa kwenye sehemu ya wazi, nimejifunika blanketi, nikalia kama mtoto, na tangu hapo nimerudi mara kumi na moja.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunapita chini ya nyuzi za taa za buluu kwenye mfereji wa Herengracht, Aaltje akasema hedifonini, "Govert, funga shingo, baridi hiyo." Nikashtuka, nikamgeukia mama mmoja wa Groningen aliyekaa jirani yangu.

"Huyu mama ana sauti nzuri, eh?"

"Mama gani? Mimi nasikia baba tu, tena ana mafua!"

Nahodha naye akaniambia rekodi yote ilibadilishwa kabla ya msimu huu kuanza. Hapo ningekoma, lakini nilirudi, na juzi jioni tulipofika penye sura moja kubwa ya mtu, ya mwanga, iliyolazwa chini ya maji, imefumba macho, Aaltje akasema kwa upole wake ule ule, "Sasa simama. Shuka hapa." Nikasimama, nikaweka mguu ukingoni, nikaona yale macho yamefumbuka, na abiria mmoja, mwanamke nisiyemjua, akanidaka mkanda wa suruali.

"We mzee, umerukwa na akili? Huko ni maji!"

"Naambiwa nishuke," nikamjibu, tena bila wasiwasi wowote.

Mshauri, jioni aliyofariki Aaltje alinipigia simu kutoka hospitali, nikaiona inaita, nikaiacha kwa sababu nilikuwa nimechoka. Naogopa kumkatalia mara ya pili.

Govert

Bwana Govert,

Pole. Sasa nisikilize.

Hedwig umemficha majuma yote haya. Ulitaka ajue habari za hiyo kwaya kutoka kwa polisi, mlangoni, wameshika kofia yako imelowa? Aibu!

Simu hukuipokea. Inauma, na itaendelea kuuma, lakini haifutiki kwa wewe kuzama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kuna jambo hujaliona. Mke anayekuhimiza ufunge shingo usipate baridi hawezi kukutuma ndani ya maji ya Januari. Sauti ya kwanza huenda ilikuwa yake. Hiyo ya pili sijui ni ya nani, na wewe hujui.

Jumanne nilipanda boti hiyo mwenyewe. Nilimsikia baba mwenye mafua. Nahodha nilimwuliza kama ile sura hufumbua macho, akasema haijatengenezwa hivyo. Tulipoikaribia nikavua hedifoni kwa hofu, na sioni haya kukiri.

Kwa hiyo usiende. Leo, kabla hamjala, mwambie Hedwig yote, hata ile simu. Kesho aende nawe kwa daktari, naye usimfiche neno. Jumamosi jioni kaeni nyumbani. Ukiisikia sauti hiyo tena hapo sebuleni, usisimame. Mshike Hedwig mkono, mwulize kama naye anasikia. Akisema hapana, usimwachie mkono mpaka inyamaze. Akisema ndiyo, vaeni makoti mje kwangu, saa yoyote, na msipite njia ya mferejini.