Kitambaa cha Kumlaza Mume Wangu

Mwenzangu, uko? Lile duka la vitambaa sirudi tena. SIRUDI.

Si unajua nashona bembea ya kulalia, ya kufunga pale barazani? Basi nimemwambia muuzaji, "Nataka kitambaa chepesi lakini imara, cha kumlaza mume wangu." Neno bembea likabaki mdomoni!

Akashusha sauti. "Ana urefu gani?"

Nikasema mrefu, tena mzito, kisije kikachanika akaanguka.

Akaniletea pamba nyeupe. Nyeupe pe! Nikakataa, itashika uchafu. Nipe ya maua, inayopitisha hewa, maana huyu akishalala haamki.

Haamki, nimesema. Kwa mdomo wangu huu!

Akafuta macho. "Pole sana, dada. Kazi ya Mungu haina makosa."

Na mimi, chizi, bado sijaelewa. Nikamjibu, "Asante, nimeshamzoea."

Mara mume wangu huyo anaingia, katoka kuegesha pikipiki. "Mke wangu, umeshanichagulia?"

Nikasema, "Huyu ndiye wa kulazwa."

Muuzaji karuka nyuma, mkasi chini. "Dada! Marehemu huyu hapa!"

Kitambaa cha maua nimekipata, mwenzangu. Wa kukilalia ndiye kagoma.