Tumeshinda Nini

Wewe mwanangu msomi,

Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Paa limeacha kuvuja.

Hongera kwa kushinda ile kesi uliyoishtaki shule. Hakimu alisema binti yako asilazimishwe kusali shuleni, basi kila asubuhi wenzake wakisali, mwalimu mkuu anamtoa nje akasimame karibu na vyoo. Wakitoka wanampita wameziba pua. Juzi nilimkuta chumbani anajifundisha ile sala. Nikampeleka mwenyewe, nikaomba aingizwe. Mwalimu mkuu akacheka.

“Bibi, mahakama ndiyo iliyomtoa. Mwambie baba yake.”

Haya, nimekwambia. Njoo usimame naye pale vyooni umweleze, maana kila jioni ananiuliza tumeshinda nini.

Ni mimi mama yako, niliyekusomesha ukajua kushtaki.