Pale Alipozoea Kusimama Baba

Mjukuu wangu Wafula,

Hamjambo huko Kitale? Hapa Bokoli tuko, ila mvua imechelewa. Mama yako anasema mwanao Nekesa avalishwe sweta.

Umeniuliza kama umpeleke kwa kile kikundi cha akina baba wanaocheza na watoto wao kanisani, na ati yeye ni mdogo, hatakumbuka.

Nikiwa mdogo hivyo, akina baba wa hapa walipiga mahindi pamoja kwa fimbo kuyapukuchua, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mmoja na mtoto wake. Sisi watoto tulikaa juu ya rundo, tukiwarushia baba zetu mahindi ya kupiga. Wangu alidaka hata nikirusha vibaya.

Alifariki kabla ya mavuno mengine. Wenzake walipokuja kwetu kupiga mahindi, walimwachia nafasi yake. Nikapanda rundo, nikarusha pale alipozoea kusimama. Hindi likaanguka chini.

Sura yake siikumbuki, Wafula, na picha hatuna. Lakini ile mikono ikidaka, naiona mpaka leo.

Mpeleke mtoto.

Ni mimi nyanya yako.