Niyigena Anaingia Bweni

Ndosho, Goma

Mudogo wangu Umugwaneza,

Salamu zikufikie huko Kampala. Huku mvua inanyesha kila siku, na jirani yetu mama Harelimana amezaa tena mutoto mwanaume.

Kesho mutoto wangu Niyigena anaingia bweni la chuo kikuu. Tumefua mashuka, tumenunua ndoo, na blanketi ulilotuma amelitia ndani ya valizi. Chumba ni cha wasichana wawili. Yeye na pacha wake Umwiza walikuwa wameshagombania kitanda cha dirishani, kabla bomu halijaanguka kwetu na kutunyang'anya Umwiza.

Leo mama musimamizi wa bweni alituonyesha kile chumba, akauliza, “Kitanda kingine nimupatie nani?”

Niyigena akasema, “Munitafutie mutu mwenye kukoroma, mama.”

Musimamizi akacheka.

“Nikiamuka usiku,” Niyigena akamuambia, “nisikie kwamba mwenzangu iko muzima.”

Yule mama akamushika mukono.

Mudogo wangu, tangu kesho nitakuwa peke yangu katika nyumba hii. Kama njia ni salama, uje.

Dada yako anayekungoja,
Laurence