Mkaguzi Mwenye Kikohozi cha Baba

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Kinondoni kuna mawingu tangu asubuhi lakini mvua yenyewe haijaamua. Nimetulia, pengine kuliko ninavyostahili.

Jana filamu iliyotokana na kitabu changu ilioneshwa kwa mara ya kwanza, kwenye ukumbi mmoja kule Msasani, kwa walioitengeneza na ndugu zao. Kwa aliye mgeni kwenye blogu hii: mimi ni mchoraji. Miaka mitatu iliyopita nilitoa kitabu, hadithi ndefu ya katuni mwanzo mpaka mwisho, kuhusu Dar ya miaka mingi ijayo. Mji umezungushiwa ukuta, maji ni kwa kibali, na kila jioni watu wanapangwa mistari nje ya nyumba zao kuhesabiwa. Anayewahesabu anaitwa Mkaguzi. Akikosekana mtu, nyumba yake inabomolewa. Kuna pia binti mmoja mkaidi anayekimbizwa juu ya mapaa ya Tandale, na pikipiki zinaruka juu ya mabati, maana watu wanapenda kuona vitu vikiruka.

Sasa niungame.

Mkaguzi ni baba yangu.

Baba ni askari magereza mstaafu. Tulikulia Ukonga, mimi na kaka zangu wawili. Alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kuingia chumba chochote, hata chumba chake mwenyewe. Viatu vyake ungeweza kujitazama ndani yake. Na kila jioni, kabla hatujala, alisimama mlangoni akatupitisha mmoja mmoja, akimgusa kila mtu bega: moja, mbili, tatu. Halafu anasema, "Idadi kamili." Hapo ndipo tulipopata ruhusa ya kunawa mikono. Niliyachukia mno yale maneno. Mwaka juzi niliandika humu humu kwamba baba yangu alirudi na gereza nyumbani kila jioni, nanyi mkalipenda sana andiko lile.

Basi nilichora vyote. Kikohozi, viatu, mkono begani, maneno. Sikuogopa hata kidogo. Baba huwa anawaambia watu kwamba binti yake "anachora vikatuni", na nilijua kitabu cha vikatuni hatakifungua mpaka Kiyama. Sikuwaza kwamba iko siku vikatuni vitasimama na kukohoa.

Alikuja na suti yake ya Kaunda, ile ya kuendea harusi za watu, akakaa kati yangu na mama. Mkaguzi alipokohoa mara ya kwanza, hata uso wake haujaonekana, mama alinyoosha mkono nyuma ya kiti cha baba akanifinya bega. Alikuwa anacheka ndani ya kitenge. Lakini ukumbi ulipolipuka kwa vicheko kwenye ile "Idadi kamili" ya kwanza, mama akaacha kucheka. Mwigizaji ameyasema vizuri kuliko nilivyoyaandika. Vijana waliokaa nyuma yetu wakaanza kuyarudia kila Mkaguzi alipotokea. Mwishoni anaanguka kutoka juu ya tangi la maji, na watu walipiga makofi mpaka wengine wakasimama. Nilitazama mikono ya baba. Ilikuwa imetulia juu ya magoti.

Nje aliniambia, "Hongera mama, kazi nzuri," kama anavyoniita tangu utotoni. Wakati tunasubiri gari, kijana mmoja akamtania mwenzake kwa sauti, "Idadi kamili!" Baba akageuka haraka, akidhani ameitwa.

Niliumia pale.

Ningeweza kunyamaza. Baba asingeuliza, na mimi ni bingwa wa kukaa kimya mpaka jambo lichoke lenyewe. Lakini leo baada ya ibada nilikwenda Ukonga. Nilimkuta uani anatengeneza banda la kuku. Nikamwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye msumari. Nikasema haraka, kabla woga haujanishinda.

"Baba, yule Mkaguzi nilimchora kwa kukutazama wewe."

"Najua. Kikohozi changu nakifahamu."

Akagonga msumari wake mpaka ukazama. Kisha akaanza kunieleza, taratibu kabisa, kwamba yule bwana hajui kazi. Anahesabu huku anatembea. Anayehesabu husimama, wanaohesabiwa ndio wanaopita, la sivyo utamhesabu mtu mmoja mara mbili. Akasema wangemwita siku wanapiga picha angewaelekeza. Nilicheka, moyo ukawa mwepesi, nikajua tumemaliza.

"Ana watoto?" akauliza.

"Nani, baba?"

"Yule."

Nikamjibu kwamba hana. Kwenye kitabu hana na kwenye filamu hana. Sikuwahi hata kufikiria kumpa.

Baba akaweka nyundo chini.

"Mimi nilikuwa nahesabu watoto wangu," akasema. "Yule anahesabu nani?"

Nilimwomba radhi, akasema yameisha, niingie ndani nikale, mama yangu amepika. Tulikula wali na maharage tukazungumza habari za kuku. Baba si mtu wa kurefusha mambo.

Mama ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani. Akaniuliza nadhani baba alianza lini kutuhesabu. Nikasema ni mazoea ya kazi. Akatikisa kichwa. Kaka zangu walikua miaka kadhaa bila kuhesabiwa na mtu, akasema. Kisha akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Nilikuwa na miaka minne. Baba alikuwa na mapumziko, akatupeleka watoto wote sokoni Tandale kununua mchele. Akaniachia mkono ili ainue mfuko, na alipogeuka sikuwepo. Alizunguka soko lile toka asubuhi mpaka alasiri, kati ya wapagazi na magunia, akiita jina langu mpaka sauti ikakauka. Nilikutwa nyuma ya kibanda cha muuza viazi, nimelala juu ya magunia matupu, mkononi nina kipande cha muhogo wa kuchemsha.

Jioni ile ndiyo alisimama mlangoni kwa mara ya kwanza. Mama anasema alipofika kwangu, niliye wa mwisho, tatu ilimshinda kutamka.

Mimi sikumbuki chochote. Si soko, si muhogo.

Nimekaa na habari hiyo tangu nimerudi. Kitabu kimeshachapwa. Filamu inakwenda kwa watu, na Mkaguzi ataendelea kuanguka kutoka kwenye tangi huku wakishangilia. Hayo hayarudi nyuma. Nilichobaki nacho mkononi ni lile andiko la mwaka juzi. Niliporudi nilitaka kulifuta, kidole kikawa tayari, nikaona huko ni kujificha tu. Acha likae, na hili likae chini yake.

Baba hasomi blogu. Jumamosi nitakwenda Ukonga nimsomee yote mawili, nikianza na lile baya.